Fundi wa Mzunguko wa Mwisho

Kwenye mashindano ya shule za msingi, katika uwanja mmoja pale Bunda, niliwatazama watoto wakipangwa kwa mbio za mita 1,500. Mistari ilikuwa imechorwa kwa majivu. Mwalimu wa michezo alikuwa na filimbi shingoni na simu mkononi ya kupimia muda. Filimbi ilipolia, uwanja mzima ukapaza sauti: kimbia! Nao wakakimbia kweli. Walitoka kwa kasi ya mbio za mita 100, vumbi likapanda, shule zao zikashangilia. Kufika mzunguko wa pili, aliyekuwa akiongoza alikuwa ameachama mdomo na mabega yamepanda masikioni. Mzunguko wa tatu baadhi walikuwa wanatembea, mikono kiunoni. Nyuma yao wote kulikuwa na kabinti kembamba, miguu mitupu, ambako tangu mwanzo hakakubadili mwendo. Kakawapita mmoja mmoja, kakashika nafasi ya pili. Mwalimu akakafuata kakiwa bado kanahema, akakaambia, kwa nia njema kabisa: "Wewe ungeanza kwa kasi ungewaacha mbali sana!"

Nikamkumbuka Suleiman Nyambui.

Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa Nyambui ni nani, ila wanaoijua medali yake ni wengi kuliko wanaoujua ufundi wake. Tanzania inakwenda Olimpiki tangu mwaka 1964 na hadi leo imerudi na medali mbili tu, zote za fedha, zote kutoka Moscow mwaka 1980, siku moja baada ya nyingine. Tarehe 31 Julai Filbert Bayi alikuwa wa pili katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tarehe 1 Agosti Nyambui, mtu wa Majita mkoani Mara, alikuwa wa pili katika mita 5,000. Baada ya hapo ni miaka zaidi ya 40 ya kuaga timu uwanja wa ndege kwa bendera na kuipokea kwa maelezo.

Bayi alikuwa mkimbiaji wa kutangulia. Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alitoka mbele tangu mwanzo wa mita 1,500 na hakuna aliyemwona uso tena. Alimaliza kwa dakika 3:32.16, rekodi ya dunia. Watu hupenda kukimbia kwa namna ile kwa sababu hata asiyejua riadha anaielewa. Wachache hukumbuka kwamba katika fainali ileile, nyuma ya Bayi na wengine wenye majina, alikuwemo kijana mwingine wa Tanzania ambaye alikuwa hajatimiza miaka 21. Huyo ndiye Nyambui, na shule yake ilikuwa tofauti kabisa.

Shule yake ilikuwa kusubiri. Mvuvi wa dagaa wa Majita huwasha karabai usiku, akakaa kimya kwenye mtumbwi mpaka dagaa wajikusanye wenyewe kwenye mwanga. Akivuta wavu mapema ameharibu usiku mzima. Nyambui alikimbia hivyo. Kumsubiri mwenzako kwenye mizunguko 12 na nusu si uvivu na si woga. Unakaa nje kidogo ya bega lake, usije ukabanwa ndani wakati watu wanachomoka. Unausikia mguu wake unavyotua, kwa sababu mguu uliochoka hutua kwa kishindo kabla mwenyewe hajajua. Unazuia uso wako usiseme lolote. Akiongeza kasi kukujaribu, unaongeza nusu ya alichoongeza, umwache adhani amekupunguza. Na wakati wote huo umejizuia, jambo ambalo ni gumu kuliko kukimbia kwenyewe, maana mwili wenye nguvu hudai kutumika sasa hivi. Ufundi wa namna hii hauonekani kwenye picha. Picha huonyesha utepe tu.

Kwa wanariadha wa kizazi kile, kungoja hakukuwa uwanjani peke yake. Ajabu ya historia ni kwamba mlango wa Olimpiki ulifungwa usoni mwao mwaka 1976 kwa sababu ya raga, mchezo ambao hata leo ukiuulizia Nyasho au Mwigobero, hapa Musoma, utaelekezwa uwanja wa mpira wa miguu. Timu ya raga ya New Zealand, All Blacks, ilikwenda kuzuru Afrika Kusini ya makaburu katika majira yaleyale ambayo watoto wa Soweto walipigwa risasi, kuanzia Juni 16. Nchi za Afrika zikataka New Zealand isikanyage Montreal. Wakubwa wa Olimpiki wakajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo hilo haliwahusu. Nchi zaidi ya 20 za Afrika zikafunga mizigo, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, na kiongozi wetu alikuwa mtu wa Butiama, Mwalimu Nyerere.

Wale wachezaji wa raga walicheza mechi zao nne kubwa, wakashinda moja, wakapanda ndege kurudi kwao. Mchezaji wa kimataifa wa raga akikosa ziara moja, mwakani kuna nyingine. Mkimbiaji husubiri miaka minne, na miaka minne ya miguu ni mingi. Katika mita 1,500 za Montreal dhahabu ilichukuliwa na John Walker wa New Zealand, yuleyule aliyeutazama mgongo wa Bayi kule Christchurch. Bayi hakuwepo.

Sisemi Mwalimu alikosea. Nikisimama Mwitongo, pale alipozikwa, siwezi hata kuiwaza hoja hiyo mpaka mwisho. Kwenda kucheza huku watoto wanazikwa kungekuwa aibu ambayo medali isingeifuta. Ninachosema ni kwamba uamuzi ule ulikuwa na bei, na walioilipa walikuwa vijana wenye bukta na njumu, wengi wao wametoka vijijini. Taifa lilipata heshima. Wao walipata nini? Sioni tukiliuliza swali hilo kwenye hotuba za kila Oktoba, tunapomkumbuka Baba wa Taifa kwa mambo makubwa na kusahau watu wadogo waliobeba gharama ya mambo hayo makubwa.

Miaka minne ikapita, na mlango uliofungwa kwa neno la Butiama ukafunguliwa kwa neno la Butiama. Marekani, iliyokasirishwa na Wasovieti kuingia Afghanistan, ilitaka dunia isusie Moscow. Rais Carter akamtuma Muhammad Ali barani Afrika kushawishi, na Dar es Salaam ikawa kituo chake cha kwanza. Mwalimu hakumpokea. Kenya ilisusia, Tanzania ikaenda. Na Nyambui wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso! Mtoto wa Majita anasoma Marekani, Marekani haiendi Moscow, yeye anakwenda. Ukiliandika hilo kwenye riwaya, mhariri atakurudishia.

Ile fainali ya tarehe 1 Agosti nimeitazama mara nyingi kwenye filamu, na sichoki. Wahabeshi walikuwa watatu: Miruts Yifter, Mohamed Kedir na Yohannes Mohammed. Watatu kwa mmoja ni hesabu mbaya katika mita 5,000, kwa sababu mmoja huvuta, mmoja hulinda na wa tatu hungoja. Nyambui alikuwa peke yake. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia walikuwa bado wamesongamana, na Yifter amebanwa ndani. Kedir akasogea kumpisha, na yule mzee mwenye upara, ambaye hakuna aliyeujua umri wake kwa hakika, akachomoka. Hakuna aliyekuwa na jibu la kasi ile. Lakini mtazame anayekuja nyuma yake, jezi ya Tanzania, mabega yametulia wakati wenzake vichwa vinayumba. Eamonn Coghlan wa Ireland, ambaye wengi walimpa nafasi, aliishia wa nne. Yifter 13:20.91, Nyambui 13:21.60. Sekunde 0.69. Ukisema "Majita" kwa sauti ya kawaida, muda huo umekwisha.

Wa tatu alikuwa Mfini, Kaarlo Maaninka, ambaye baadaye alikiri kwamba aliongezewa damu kabla ya michezo ile. Wakati huo haikuwa kosa kisheria. Basi kijana wa Mara, kwa damu aliyopewa na mama yake tu, alimwacha nyuma mtu mwenye damu ya akiba. Jambo hili sijalisikia likitajwa redioni hata mara moja.

Wanaodhani Moscow ilikuwa bahati ya michezo iliyosusiwa waangalie kilichofuata. Februari 1981, New York, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, kwenye njia fupi ya mbao yenye kona kali, Nyambui alikimbia mita 5,000 kwa 13:20.4. Huo ulikuwa muda bora wa dunia kwa mbio za ndani, na ni mwepesi kuliko ule uliompa Yifter dhahabu. Aliyekuwa nyuma yake ni Alberto Salazar, fahari ya Marekani wakati huo. Katika mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani alichukua mita 10,000 miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Kisha, umri ulipopanda na kasi ya mwisho ikapungua, hakung'ang'ania. Alihamia kwenye marathoni, na akashinda Berlin mwaka 1987 na tena 1988, enzi ambazo mbio hizo zilikimbiwa upande mmoja tu wa mji kwa sababu ya ukuta. Kujua lini ubadili kazi nako ni ufundi, na ni nadra kuliko kasi.

Baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Riadha Tanzania, kazi ya barua, mikutano na lawama. Baadaye tena akaenda kufundisha Brunei. Brunei ni nchi ndogo yenye mafuta na sultani, na ilijua kwamba fundi hupewa wanafunzi. Sisi tulimpa faili.

Wakenya, wenzetu wa ng'ambo ya Sirari, wao waliichukua hiyohiyo raga iliyotufungia Montreal wakaifanya yao. Aprili 2016 waliwachapa Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore ya wachezaji saba kila upande, na mwaka huohuo mchezo ule ukarudi Olimpiki baada ya miaka 92. Mchezaji wao kama Collins Injera akimaliza kucheza, kuna vijana waliomtazama akicheza kila wiki klabuni, wakaiba miguu yake. Ufundi huibiwa hivyo, kwa macho. Huku kwetu mbio za barabarani siku hizi zinaanza kwa fulana za mfadhili na muziki mkubwa, mgeni rasmi anapungia mkono, na kabla ya saa nne kila mtu amekwisha kujipiga picha na kurudi nyumbani. Sina ugomvi na fulana. Ila sijaona hata mbio moja ya aina hiyo ambako mtoto alifundishwa kusikiliza mguu wa mwenzake.

Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kule Tokyo kwa sekunde 0.03, baada ya kungoja hadi hatua za mwisho kabisa, na kwa wiki nzima Tanzania ikawa nchi ya riadha. Siku hizo nilikaa na vijana wa bodaboda kijiweni, Musoma mjini, nikawauliza nani wa mwisho kutuletea medali ya Olimpiki. Wote wakasema Simbu. Nikawaambia Simbu ana dhahabu ya dunia, ya Olimpiki bado. Huyo ninayemuuliza ni mtu wa hapahapa. Mmoja akafungua simu, akasoma jina polepole.

"Nyambui. Huyu ni wa Majita, mzee?"

"Wa Majita."

Akaitazama simu tena, akauliza alikuwa anachezea timu gani.