Kuku Wanahara Kijani

Mfugaji anayeingia bandani alfajiri akakuta kuku watatu wamejikunyata, mabawa yameshuka na kinyesi ni cha kijani, hatachukua simu aandike "udhibiti wa magonjwa ya virusi kwa ndege wafugwao". Ataandika kama anavyomuuliza jirani: "kuku wanahara kijani dawa gani". Pengine kwa mtindo wa meseji: "kuku wng wanaharisha kijan nfanyeje". Na kwenye tovuti fulani ya wataalamu jibu lake lipo tangu mwaka juzi, zuri, limekamilika, lina hadi picha, ila limelala chini ya kichwa kile kirefu. Muulizaji yupo, mjuzi yupo, na hawajuani. Kazi ninayoisifu hapa ni ya yule anayewakutanisha.

Walio kwenye shughuli hiyo huiita SEO, yaani kuziandaa kurasa ili mashine za kutafuta ziwafikishie wanaozihitaji. Ukiwauliza ni kazi gani, wengi watakutolea chati: wageni wangapi wameingia, wametokea wapi, wamekaa dakika ngapi. Chati zina nafasi yake. Lakini mimi naiona kwanza kuwa kazi ya masikio. Mtaalamu huuita ugonjwa kwa jina. Mwenye shida hajui jina, anajua dalili tu. Fundi mzuri ni yule anayesikia mtu anavyouliza wakati bado hajui anachokiuliza kinaitwaje.

Tukae na kuku wetu. Ugonjwa huo Tanzania wengine huuita kideri, wengine mdondo, na dukani kwa muuza dawa utausikia ukiitwa Newcastle. Hakuna aliyekosea. Mwandishi wa ripoti atachagua jina moja alishike hadi mwisho, na kwa ripoti ndivyo inavyopaswa. Fundi wa SEO hana anasa hiyo. Anajua kwamba kichwa cha ukurasa kikifika kwenye orodha ya matokeo hukatwa baada ya herufi 60 hivi, kwa hiyo anapima maneno moja moja, anatoa hili, anarudisha lile, mpaka apate kitu kama hiki: "Kuku wanahara kijani? Dalili za kideri (mdondo) na chanjo". Hesabu na nafasi zake: 57. Dalili imetangulia kwa sababu ndiyo anayoijua muulizaji. Majina mawili yamefuata ili atakayekuwa ameshaambiwa na jirani naye ajione humo. Newcastle imekosa kiti, basi itakaa kwenye sentensi ya kwanza ya ukurasa. Mtu asiyejua atasema ni maneno tisa tu, yana nini. Mimi nayaona kama kazi ya mshairi anayebanwa na mizani.

Kisha unakuja ugumu wenyewe. Mfugaji ameuliza dawa, na kideri hakina dawa ya kutibu. Ukurasa usio na haya ungemshika hapo hapo na kumuuzia chupa yoyote, maana neno "dawa" ndilo linaloleta watu. Ukurasa mwaminifu unamwambia mapema kwamba kinga ni chanjo: ile ya I-2 inayotengenezwa Kibaha, inayostahimili joto kuliko zile za kawaida, tone moja jichoni kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Unamwambia pia kwamba kinyesi cha kijani peke yake si ushahidi, kwani homa ya matumbo ya kuku nayo huweza kukileta, na hiyo ina matibabu. Shingo iliyopinda na vifo vya haraka vya kuku wengi ndivyo vinavyoelekeza kwenye kideri, na mtaalamu wa mifugo ndiye wa kuthibitisha. Angalieni kilichotokea: aliyeanza kwa kupanga maneno ya kichwa amelazimika kuuelewa ugonjwa. Amerudi kwa daktari wa mifugo na swali ambalo daktari hakuwa amejiuliza, yaani anayetafuta dawa isiyokuwepo tumpe nini.

Watu hudhani mashine za kutafuta ziliibuka na Google. Misingi yake ni ya zamani zaidi, na mmoja nauona mzuri kupita yote. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtafiti wa Cambridge, alichapisha hoja nyepesi kuisema: neno linalopatikana kwenye maandishi mengi lina uzito mdogo wa kutafutia, na neno adimu lina uzito mkubwa. "Kuku" limo kwenye maelfu ya kurasa, za mapishi, za bei, za methali. "Kideri" limo kwenye chache. Mtu akiandika yote mawili, ni la pili linaloamua. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, wanafunzi wawili wa Stanford, Larry Page na Sergey Brin, wakaongeza swali jingine: ukurasa huu unatajwa na nani? Wazo hilo lilikuwa na asili yake katika desturi ya wanazuoni ya kutajana kwenye makala. Kiungo kimoja kutoka chuo cha kilimo kinachoaminika kikawa na thamani kuliko viungo mia kutoka kurasa zisizotajwa na yeyote.

Hapo ndipo wajanja walipopaona pa kuingilia. Maneno yakarudiwa mara hamsini kwenye ukurasa mmoja. Mengine yakaandikwa kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe ili mashine iyasome na mtu asiyaone. Tovuti zikajengwa kwa mamia ili kutajana zenyewe kwa zenyewe. Google ikajibu kwa mabadiliko iliyoyapa majina ya wanyama wapole, Panda mwaka 2011 kwa kurasa za maudhui hafifu na Penguin mwaka 2012 kwa viungo vya hila, na tovuti nyingi zikaporomoka. Wajanja hawajaisha. Akija mtu ofisini kwako kukuahidi nafasi ya kwanza ndani ya wiki mbili, mpe chai aende. Google wenyewe wameandika wazi kwamba hakuna awezaye kuidhamini nafasi hiyo. Wajanja hao ndio walioichafulia jina kazi hii, hata watu wenye heshima zao wakaogopa kusema wanaifanya.

Upande wa gizani wa kazi hii haupigiwi makofi. Kuna faili dogo linaloitwa robots.txt, utaratibu uliopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, linaloziambia roboti za mashine za kutafuta ziingie wapi na zisiingie wapi. Wajenzi wa tovuti huwa wanazizuia zote wakati wa ujenzi, na inatosha neno "Disallow:" kufuatiwa na kimstari kimoja cha mshazari. Siku ya uzinduzi kuna hotuba, kuna keki, na hakuna anayekumbuka kukifuta. Tovuti nzima inabaki nje ya mlango kwa sababu ya alama moja. Fundi huingia, hufuta, huondoka, na hakuna wa kumpongeza kwa sababu hakuna aliyejua. Vivyo hivyo kwenye matangazo ambayo ofisi nyingi hupenda kuyapiga picha, muhuri na saini vikionekana, kisha kuyapachika kama bango. Macho yanasoma. Mashine inasoma kwa shida au haisomi, na msomaji anayetegemea programu ya kumsomea kwa sauti hapati kitu. Anayeyachapa upya kuwa maandishi amewahudumia wote wawili, na bando la mfugaji limesalimika pia, maana picha moja ya simu huweza kuwa nzito kuliko kitabu kizima cha maneno.

Kwa Kiswahili kazi ina utamu wake wa ziada. Mwaka 1980 Martin Porter alitoa kanuni maarufu ya kukata mikia ya maneno ya Kiingereza ili mashine ijue kwamba maneno ya ukoo mmoja yanahusiana. Sasa ikate mkia wa "wanahara", "waliohara", "wakihara". Mabadiliko yote yako kichwani, shina limejificha nyuma. Mashine za leo zimejifunza mengi, lakini busara ya mwandishi bado ina kazi: kulitumia neno katika sura zake ambazo watu huzisema kweli, kuhara na kuharisha, bila kulirundika. Anayezungumza lugha hii tangu utotoni hufanya hivyo bila kufikiri, na nadhani ndiyo sababu naona kazi hii inawafaa waandishi kuliko inavyowafaa wauzaji.

Sasa mashine zenyewe zimeanza kujibu. Unauliza, zinakupa aya iliyokwishapikwa, na pengine hutaufungua ukurasa wowote. Wengine wanasema SEO imekufa. Sioni hivyo, kwa sababu aya hiyo lazima itoke mahali, na pale ambapo Kiswahili hakina ukurasa mzuri kuhusu kideri, mashine itabahatisha kwa ufasaha mkubwa. Majibu mazuri ya wafugaji wetu mengi yako kwenye makundi ya WhatsApp, ambako yanafukiwa na salamu za asubuhi kabla ya saa sita mchana.

Milipuko ya kideri mara nyingi huja kiangazi. Ukurasa unaoandikwa kuku wakishaanza kufa umechelewa, kwani roboti lazima zipite, ziusome, ziuingize kwenye faharasa, na kurasa nyingine zianze kuutaja. Kwa hiyo huo wa kuku hufanyiwa kazi wakati wa masika: bei ya chanjo inaulizwa upya, picha zinapunguzwa uzito, na namba ya ofisi ya mifugo iliyoandikwa chini inapigwa kuona kama bado kuna mtu anayepokea.