Betri ya Prius: Kipande Kimoja Kinapochoka

Pembetatu nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi ya Toyota Prius, na mashine ya kusoma hitilafu ikatoa msimbo P0A80, mwenye gari jijini Nairobi huambiwa moja kati ya mawili: nunua betri kubwa nyingine, au tubadilishe kipande kilichokufa uondoke leo jioni. Hilo la pili huvutia kwa bei. Kwa maoni yangu ndilo linalowagharimu watu zaidi, na sababu imo ndani ya betri yenyewe.

Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa 2003, ina moduli 28 za nikeli zilizofungwa kwa mfululizo nyuma ya kiti cha nyuma. Kila moduli ina seli 6 na volti 7.2, kwa hiyo jumla ni volti 201.6. Kompyuta ya betri haisomi moduli mojamoja, inasoma jozi 14. Seli moja tu ikifa kati ya 168, jozi yake hushuka kwa volti 1.2 hivi, ikaachana na nyingine, na taa ikawaka.

Katika mfululizo, umeme uleule hupita kila mahali. Moduli dhaifu huishiwa chaji mapema na hujaa mapema, na kila safari hujiongezea joto. Za katikati huumia zaidi kwa sababu zimebanwa pande zote, ilhali za pembeni hupata upenyo wa kupoa. Sasa ukichomoa iliyokufa na kuweka nyingine, umebakiza 27 zenye umri uleule na zilizopikwa na joto lilelile. Haichukui muda jirani yake naye anafuata. Hata kuweka moja mpya kabisa hakusaidii sana: yenye nguvu ikikaa katikati ya zilizochoka, inarudisha utofauti uleule ulioleta taa.

Kazi nzuri huanza na betri ndogo ya volti 12, kwani ikidhoofika nayo huwasha taa za ajabuajabu, na mtu akafungua betri kubwa bure. Kisha gari hupandishwa mlima mashine ikiwa imeunganishwa, jozi zote 14 zikitazamwa. Volti za gari lililosimama hudanganya. Moduli mbovu inaweza kuonyesha namba nzuri ikipumzika, halafu ikaporomoka mara tu mguu unapokandamiza mafuta.

Ndipo plagi ya usalama ya rangi ya chungwa huchomolewa, na fundi husubiri dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye inveta uishe. Glavu za mpira za volti 1000 hazivuliwi hata hapo, maana plagi hukata mnyororo tu. Kila upande bado una umeme wa kuua mtu. Nimeona vijana wakifanya kazi hii mikono mitupu, na ninawasihi waache.

Vibao vya shaba vinavyounganisha moduli mara nyingi huwa vimeota kutu ya kijani. Hivyo husafishwa mpaka ving'ae, au hubadilishwa, na nati zake hukazwa kwa spana ya kipimo: nyutonimita 5.4 tu. Ukizidisha, skrubu inakatika ndani ya moduli. Kisha kila moduli hubebeshwa mzigo, mathalani balbu ya taa ya mbele ya wati 55 kwa dakika mbili, na volti zake huandikwa. Zinazokaribiana huchajiwa zikiwa zimebanwa zisivimbe, halafu huunganishwa sambamba zilingane kabla ya kurudishwa. Kazi hiyo ni ya siku kadhaa, wala haiwezi kuisha jioni moja.

Feni ya kupoza betri ndiyo husahaulika. Tundu lake la hewa liko ubavuni mwa kiti cha nyuma, mahali ambapo abiria huegemeza mikoba. Ukiitoa kwenye teksi unakuta mapanga yamevaa utando wa vumbi na nyuzi za nguo kama blanketi. Betri mpya ikirudishwa na feni ikiwa hivyo itapikwa vilevile.

Moduli moja ikianguka kwenye kipimo na nyingine zote zikawa karibukaribu, ya mtumba yenye uwezo unaolingana inatosha. Zikianguka tatu au nne, nunua betri yenye seli mpya zote. Kabla ya kulipa, mwombe fundi karatasi yenye namba 28. Asipokuwa nayo, hakupima.