Remmy Ongala, kituo cha daladala, na wale wasio na gita

Wandugu, niko Yahuma kwa likizo. Mtandao huku ni wa kubahatisha, kwa hiyo nasikiliza zile zilizo kwenye kadi ya simu tu: albamu mbili za Remmy Ongala, Songs for the Poor Man ya 1989 na Mambo ya 1992. Nimezirudia mpaka nimeanza kugombana, si na Remmy mwenyewe, ni na hadithi tunayopenda kuisimulia sisi wasomi juu yake. Eti alitoka Kindu, akafika Dar es Salaam 1978, akaimba, akapendwa, basi muziki hauna mpaka. Hadithi tamu, lakini mi naona inaficha kazi yote aliyoifanya.

Tuanze na Kindu. Kuna watu huko nje wanaoandika kwamba Kindu iko karibu na mpaka wa Tanzania. Aliyeandika hivyo hajapita ile barabara! Kindu ni Maniema, kwenye mto uleule unaoteremka hadi kwetu Kisangani. Remmy alihamia nchi ya watu kabisa. Akapiga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, halafu akaingia Super Matimila, bendi iliyobeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Yaani ni mgeni, na hata vyombo vya kazi ni vya mtu mwingine.

Sasa sikilizeni alivyoingia. Gita lilibaki la kwetu, lile linalozunguka na kuzunguka mpaka miguu inakubali yenyewe. Hakulificha. Kwenye ile albamu ya kwanza kuna hata wimbo unaouliza muziki asili yake ni wapi, na nadhani mtu wa pale pale hana haja ya kuuliza swali hilo. Alichochukua kwa wenyeji ni Kiswahili chao, na ndani ya hicho Kiswahili akachagua kusimama na mnyonge. Akaimba njaa, kifo, mfuko mtupu. Akaimba "Mambo kwa Soksi", juu ya kondomu wakati ukimwi unamaliza watu, na redio ya taifa ikakataa kuupiga. Kwangu mimi huo wimbo ndio cheti chake cha uenyeji, maana mgeni mwenye woga hasemi mambo ya chumbani ya nyumba aliyopokelewa.

Ndiyo maana wimbo "Mrema" unanisumbua. Augustine Mrema wakati ule alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na wizara hiyo ndiyo yenye uhamiaji. Labda Remmy alimpenda kweli, sikatai. Ila nikiusikia, namwona mtu mwenye lafudhi akimwamkia askari kabla hajaulizwa karatasi. Kimuziki pia ni dhaifu kuliko wenzake. Na kwenye albamu hiyohiyo kuna "I Want to Go Home" na "Inchi Yetu". "Inchi", na i mbele, kama tunavyoandika sisi huku! Nchi ipi hiyo? Nimesikiliza mara nyingi na bado sijaamua, na hapo ndipo naona albamu inafika juu kabisa.

Kwa kulinganisha: baada ya 1991 Waalbania wengi walivuka kwenda Ugiriki, jirani yao, na wengi wakajipa majina ya Kigiriki, wengine hata wakabatizwa, ili tajiri asiwakatae kazini. Remmy alibaki Ongala mpaka alipofariki Desemba 2010, na kule Dar kuna kituo cha daladala kinachoitwa Sinza kwa Remmy.

Lakini hapo sasa ndipo hadithi yetu tamu inanikera. Mimi nilifika Kisangani na Lingala yangu ya Yahuma, nikapanga Kabondo, na mama mwenye nyumba akaniuliza mwaka mzima: "Kiswahili yako inatokaka wapi?" Aliuliza kwa kicheko, ndiyo, lakini kila nikikosea alikuwa anaita majirani waje wasikie. Na hiyo ni ndani ya mkoa wetu wenyewe, Tshopo. Sasa ukivuka Tanganyika bila gita, inakuwaje?

Inakuwa Nyarugusu. Ile kambi ya Kigoma ilifunguliwa 1996 kwa Wakongomani, na sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya 1998 inawataka wakae ndani ya maeneo waliyopangiwa. Msiniambie Tanzania haijui kupokea: Warundi waliokimbia 1972 walipewa uraia, zaidi ya watu 160,000. Wakongomani wa Nyarugusu hawakuwemo.

Rafiki yangu wa kampasi, mtu wa Uvira, ana binamu aliyezaliwa mle kambini. Siku moja tuliongea naye kwa simu. Kiswahili chake safi kabisa, mi nikaona haya ya kufungua mdomo. Nyimbo za Remmy anazijua karibu zote. Nikamuuliza kama amewahi kufika Sinza. Akasema hata kwenda Kasulu mjini, anaomba kibali.