Insafu ya Ubao wa Misumari

Katika mji wa Wete, kisiwani Pemba, kwenye kibaraza cha jirani yetu aliyekuwa seremala, palikuwa na ubao wa mfenesi wa rangi ya manjano iliyoiva, urefu wake shubiri tatu na upana wake mbili, ambao juu yake walisimama wachezaji ishirini na wawili, kila upande kumi na mmoja, na kila mchezaji alikuwa msumari. Mpira wetu ulikuwa sarafu ya senti 20, ile yenye sura ya mbuni, ambayo zama zile haikununua kitu tena dukani na kwa hiyo wazee hawakuona taabu kutuachia. Tukaifyatua kwa kidole, zamu kwa zamu, ikigonga msumari huu na kurukia ule, hata iingie langoni au ipotelee pembeni. Nimekaa katika uwanja wa Gombani mara nyingi tangu hapo, penye nyasi na umati na firimbi ya refa, wala sikumbuki moyo kunidunda kama ulivyokuwa ukinidunda pale kibarazani, huku harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini ikitupitia.

Seremala yule tulimwita Ami, ijapokuwa hakuwa ndugu wa baba kwa damu. Milango na vitanda ndivyo vilivyomlisha; mbao za mchezo alizifanya kwa vipande vilivyombakia, lakini hakuzifanya kwa mabaki ya akili yake. Alipiga randa mpaka uso wa mbao ukawa sawa kama maji ya mtungi, kisha akausugua kwa majani ya msasa, yale makavu yakwaruzayo, mpaka sarafu ikateleza bila ya kukwama penye nyuzi za mti. Hakupigilia msumari moja kwa moja. Kwanza alitoboa kwa keekee tundu jembamba, ili ubao usipasuke na msumari usimame wima, kwani msumari ulioinama huirusha sarafu juu badala ya kuirudisha mchezoni. Kingo zote alizizungushia ukanda uliokatwa katika tyubu kuukuu ya baiskeli, ukavutwa ukakaza, na lango alilipima kwa sarafu yenyewe: upana wa sarafu mbili na nusu, usizidi wala usipungue.

Siku niliyotumwa na baba nimwombe Ami anifanyie ubao wangu, hakuniuliza nautaka mkubwa au mdogo. Aliniuliza nitacheza na nani. Nilimjibu kuwa nitacheza na kaka yangu, aliyenizidi miaka mitano, naye akatikisa kichwa, akachukua chaki, akafuta alama tatu za katikati alizokwisha kuzitia, akazitia upya karibu karibu zaidi. Mimi nilidhani ni mazungumzo tu ya mtu mzima kumfurahisha mtoto. Ilinichukua miaka kutambua kuwa swali lile ndilo lililokuwa kazi yenyewe, na kwamba randa na keekee zilikuwa watumishi wake.

Maana misumari ikitengana sana, uwanja huwa mweupe, na mwenye kidole kilichozoea huipeleka sarafu atakako. Hapo mkubwa humshinda mdogo leo, akamshinda kesho, na mtondo mdogo huuacha ubao akaenda zake. Na misumari ikisongamana, sarafu hugongwa huku na huku mpaka hapana ajuaye itokako wala iendako, maarifa yote yakawa bure, na mkubwa naye akachoka, kwa kuwa hapana fahari katika ushindi uliokuja wenyewe. Baina ya hali hizo mbili pana mahali pembamba, pengine pa wanda mmoja, ambapo maarifa hutawala lakini bahati huachiwa mlango mdogo wazi. Na Ami alipafahamu mahali hapo kama nahodha afahamuvyo mkondo kati ya mwamba na mwamba. Kaka yangu alinishinda mara nyingi. Mara moja moja nilimshinda mimi, na hizo mara moja moja ndizo zilizotuweka wote wawili pale mpaka adhana ya magharibi. Jambo hili naliita insafu, na sioni jina jingine linalolistahili. Keram, ule mchezo wa kufyatua kete kwa kidole, naipenda, na mabaraza ya Pemba yasingekuwa mabaraza bila ya keram, lakini keram haimwonei huruma mgeni: hakimu wake ni kidole peke yake.

Mwaka 1995, Zanzibar ilipotwaa Kombe la Chalenji nchini Uganda, tuliucheza upya ushindi ule juu ya ubao wangu kwa siku nyingi, tukigombana nani awe Zanzibar, na mara mbili tatu historia ikapinduka kwa sababu aliyeshika upande wa pili hakukubali kushindwa kwa heshima ya taifa.

Nilipokua nikasoma habari za mafundi wa mbali wa sanaa hii hii, niliwakuta wakihangaishwa na swali la Ami. Alejandro Finisterre, mshairi wa Kihispania, alijeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, na hospitalini akawaona watoto majeruhi ambao hawangeweza tena kukimbilia mpira. Akamwendea seremala wa Kibasque, Francisco Javier Altuna, akafanyiwa meza yenye wachezaji waliotungwa katika vyuma vya kuzungushwa kwa mkono, na mwaka 1937 akaisajili Barcelona. Hakuwa wa kwanza, kwa kuwa Harold Thornton wa Uingereza alikwisha kupata hataza ya meza ya namna hiyo mwaka 1923. Lakini Finisterre alijua kwa macho yake nani atacheza, nami kwa hilo namtanguliza. Peter Adolph naye, alipoanza kuuza Subbuteo baada ya Vita Vikuu vya Pili, hakuwauzia watu uwanja. Aliwatia chaki ndani ya kisanduku wajichoree wenyewe juu ya blanketi kuukuu la jeshi, maana aliwajua wanunuzi wake kuwa ni watu waliotoka vitani, na blanketi walikuwa nalo.

Hata walipokuja mafundi wa umeme, swali halikuwaacha. Kampuni ya Mattel ya Marekani ilitoa mwaka 1976 mashine ya mashindano ya magari ya kushikwa mkononi, na mwaka 1977 ikafuatisha ya mpira wa Kimarekani, zote zikijengwa juu ya chipu ya kikokotoo cha kawaida. Mark Lesser, aliyeiandikia programu ile ya magari, alikuwa na nafasi ya baiti 512 tu, akali kuliko herufi za aya moja ndefu ya insha hii. Wachezaji wa ule mpira walikuwa vistari vya taa nyekundu: king'aacho zaidi ndiye mkimbiaji, vilivyofifia ndio wanaomzuia. Na katika umaskini wote huo wa nafasi walitia kiswichi cha mwendo wa namna mbili, mmoja wa kuanzia na mmoja wa aliyebobea. Nilipokisoma kisa cha kiswichi kile niliikumbuka chaki ya Ami.

Mimi mwenyewe nililetewa na jamaa kutoka Maskati mashine ya mpira wa miguu ya kushikwa mkononi, yenye vivuli vyeusi vilivyocheza ndani ya kioo. Ilitufaa kwa kuwa ilikula betri, ilhali umeme wetu wa wakati ule ulitoka katika majenereta ya Wesha, ukija na kuondoka. Ule wa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara ulitufikia mwaka 2010. Niliipenda mashine ile mwezi mmoja. Baada ya hapo nilikwisha kujua kila kivuli kitatokea wapi, kwani aliyeitengeneza hakuniwazia mimi wala mtu mwingine yeyote, nikaurudia ubao wangu.

Ami amekwisha kutangulia mbele ya haki. Nawaomba mafundi wa Wete, Chake Chake na Mkoani, kipande cha mfenesi kisichofaa mlango msikitie motoni. Misumari ishirini na miwili ya wachezaji, minne ya malango, ukanda wa tyubu, na sarafu moja, basi. Ubao wangu ungali kibarazani kwangu, na atakaye kuuchukulia vipimo na aje.