Hongera, Madaktari wa Mapigo ya Moyo

Hongera kwa madaktari wa umeme wa moyo! Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kuwa mapigo holela ya vyumba vya juu vya moyo mara nyingi huchochewa kutoka kwenye mishipa inayoleta damu toka mapafuni. Tangu hapo, daktari hupenyeza mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja hadi moyoni, akaunguza au kugandisha midomo ya mishipa hiyo ili umeme potofu usipite.

Sasa wamepiga hatua nyingine: mipigo mifupi mno ya umeme hutoboa seli za msuli wa moyo, huku ikiunusuru zaidi umio, njia ya chakula iliyo nyuma ya moyo. Marekani iliidhinisha kifaa cha kwanza cha aina hiyo Desemba 2023. Ustadi huu unawapa wagonjwa wengi nafuu ya kweli. Madaktari hawa wanastahili heshima na shukrani zetu.