Nauli ya Iringa hadi Mbeya kwa Mistari Michache ya JavaScript

Desemba 2023 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipandisha nauli kikomo za mabasi ya mikoani. Kwa daraja la kawaida, kiwango kilitoka shilingi 41.29 kwa abiria kwa kila kilomita kikafika 48.47. Abiria wa Iringa kwenda Mbeya aliyasikia mabadiliko hayo mfukoni. Kwa mwanafunzi anayeanza JavaScript pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) au Chuo Kikuu cha Iringa, hesabu hiyo hiyo ni zoezi zuri la kujifunzia fanksheni: kanuni ni ileile, zinazobadilika ni namba tu.

Kanuni yenyewe ni umbali mara kiwango. Tukadirie kwamba Iringa hadi Mbeya ni kilomita 330. Anayeanza huandika hivi:

let iringaMbeya = 330 * 41.29;

Chini yake anaweka mstari wa Mafinga, wa Makambako, wa Igawa, wa Uyole, na kila mmoja umebeba 41.29 yake. Kiwango kikipanda, inabidi apitie mistari yote akibadilisha. Akiruka mmoja, programu haitalalamika. Itaendelea kutoa nauli ya zamani kwa kituo kimoja, na kosa litaonekana siku mtu atakapopiga hesabu mwenyewe.

Dawa yake ni kuiandika kanuni mara moja na kuipa jina:

function nauli(umbali, kiwango) {
  return umbali * kiwango;
}

Maneno mawili yaliyo ndani ya mabano ni parameta, yaani nafasi zinazosubiri kujazwa. Mpaka hapo hakuna kilichohesabiwa, maana kuandika fanksheni siyo kuiita. Ukiandika nauli(330, 48.47), ndipo 330 inapokaa kwenye umbali, 48.47 kwenye kiwango, na jibu linatoka: shilingi 15,995 na senti 10. Ukiweka 41.29 unapata 13,625 na senti 70.

Neno linalowasumbua wengi hapa ni return. Wengi huweka console.log mahali pake, wanaona jibu kwenye skrini, wanaridhika. Tofauti yake ni kama ya mpiga debe na mkata tiketi: wa kwanza anakutangazia nauli stendi nzima isikie, wa pili anakupa kitu mkononi cha kuondoka nacho. Fanksheni yenye console.log peke yake huonyesha namba, lakini kwa aliyeiita hurudisha undefined. Sasa familia ya watu wanne ikitaka jumla, ukaandika nauli(330, 48.47) * 4, unapata NaN, yaani kisicho namba. Ukitumia return, jumla inakuja bila shida.

Faida kubwa ya jibu linalorudishwa ni kwamba fanksheni nyingine inaweza kulichukua na kuendelea nalo. Hakuna konda mwenye chenji ya senti 10, kwa hiyo tuseme nauli iishie kwenye mamia. Wengi watagawa kwa 100, watumie Math.round, inayopeleka namba kwenye namba kamili iliyo karibu zaidi, kisha wazidishe kwa 100. Kwa mfano wetu, 15,995 na senti 10 itakuwa 16,000. Kasoro iko kwenye neno kikomo: hiyo ndiyo nauli ya juu kabisa inayoruhusiwa, na 16,000 imeizidi kwa shilingi 4 na senti 90. Kwa hiyo tunashuka kwa Math.floor, hatupandi:

function nauliKikomo(umbali, kiwango) {
  return Math.floor(nauli(umbali, kiwango) / 100) * 100;
}

Kwa 330 na 48.47, jibu ni 15,900. Angalia kwamba fanksheni ya pili haikurudia kanuni ya kuzidisha, bali imeiita ya kwanza. Kesho sheria ya kukata mamia ikibadilika, utagusa mahali pamoja, na kanuni ya nauli itabaki salama.

Mtego unaofuata unatokana na tabia ya lugha yenyewe. Brendan Eich aliitengeneza JavaScript ya kwanza kwa siku 10 tu, Mei 1995, akiwa Netscape, na lengo lilikuwa lugha ambayo hata asiye mtaalamu angeweza kuitumia kwenye kurasa za wavuti. Ndiyo maana ni lugha ya kusamehe mno. Ukisahau kiwango ukaandika nauli(330), haisimami. Inakupa NaN na kusonga mbele.

Usamehevu huo ni hatari zaidi pale namba zinapotoka kwa mtumiaji. Anachoandika mtu kwenye kisanduku cha ukurasa hufika kwenye programu kama maandishi. Abiria akijaza 80 kuwa kilomita za Iringa hadi Mafinga, na 250 za Mafinga hadi Mbeya, alama ya kujumlisha haitatoa 330. Itayaunganisha maandishi na kutoa 80250. nauliKikomo itayapokea hayo kwa utiifu na kudai shilingi 3,889,700. Kanuni haikukosea, ilichopewa ndicho kibovu. Geuza kila kinachoingia kwa Number() kabla hujajumlisha, kisha ndipo uiite fanksheni.

Kuna kosa jingine lisiloonekana kirahisi. nauli(48.47, 330) inatoa jibu lilelile, kwa kuwa kuzidisha hakujali mpangilio. Mwanafunzi anaweza kuzoea kugeuza parameta bila kugundua, hadi siku atakapoongeza sharti kama punguzo kwa safari inayozidi kilomita 200. Hapo programu italinganisha 48.47 na 200, na punguzo halitatolewa kamwe. Zoea mpangilio tangu mwanzo, na majina ya parameta yaseme kinachotakiwa.

Kabla ya kuiweka nauliKikomo kwenye ukurasa, ipe maswali ambayo majibu yake umeshayapata kwa kikokotoo. Kwa kilomita 330, kiwango cha zamani lazima kitoe 13,600 na kipya 15,900. Halafu ipe 0, ipe maandishi, iite bila kitu chochote, uone inajibu nini. Fanksheni fupi inayorudisha jibu hukaguliwa hivyo kwa dakika chache. Mistari iliyotapakaa yenye 41.29 kila mahali haina pa kuanzia kuikagua.