Msitu Usio na Mwanahabari

Filamu ya Agnieszka Holland, Zielona Granica, yaani "Mpaka wa Kijani", inaanza kwa rangi. Unauona msitu kutoka juu, kijani kibichi, halafu rangi inakauka, na kwa zaidi ya saa mbili unabaki na nyeusi na nyeupe tu. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora wa filamu nzima. Inafanana na picha za habari za zamani, na inahusu mahali ambapo habari zenyewe zilikatazwa kuingia.

Mahali penyewe ni msitu ulio kati ya Polandi na Belarus. Mwaka 2021 Aleksandr Lukashenko, akiwa amebanwa na vikwazo vya Umoja wa Ulaya, aliwafungulia mlango watu wa Iraq, Syria, Afghanistan na nchi kadhaa za Afrika: njooni Minsk kwa ndege, mpaka uko hapo tu, vukeni. Ulikuwa ukatili uliopangwa, na Warsaw haikukosea kuuita shambulizi. Sasa tazama jibu lake. Septemba 2 serikali ikatangaza hali ya hatari katika vijiji na miji 183 kando ya mpaka. Wanahabari nje. Madaktari wa kujitolea nje. Sababu? Maslahi ya taifa.

Usipokuwa na shahidi, anayebaki kusimulia ni mwenye bunduki. Septemba 27 mawaziri wawili waliwaita wanahabari wakawaonyesha picha walizosema zimetoka kwenye simu za wahamiaji, mojawapo ya mtu na mnyama, aibu tupu. TVP, runinga ya umma, ikaibeba kama ilivyo. Baadaye ikabainika ilitoka kwenye video ya zamani iliyokuwa ikizunguka mtandaoni. Lakini nani hukumbuka masahihisho? Picha ilishafanya kazi yake.

Kinachonikera zaidi hata si TVP kuegemea upande mmoja. Runinga za serikali tunazijua, bana. Kinachonikera ni kwamba nyumba hiyohiyo ya TVP ina chumba kingine kinachoitwa Belsat. Tangu 2007, kwa fedha za Wizara ya Mambo ya Nje ya Polandi, Belsat huwarushia Wabelarus habari ambazo Lukashenko hataki wazione. Ni kazi ya kishujaa, na nasema hivyo bila kejeli: Februari 2021 wanahabari wake wawili walihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kurusha maandamano moja kwa moja. Basi mwaka uleule, dola moja ililipia haki ya jirani kujua yanayotendeka kwake, na ikawanyima raia wake haki ya kujua yanayotendeka kilomita tatu kutoka mpakani. Mambo yote mawili yaliitwa maslahi ya taifa.

Ndiyo maana filamu ilipoingia kumbini Septemba 2023, wiki chache kabla ya uchaguzi, ilipokelewa kama adui. Waziri wa sheria, Zbigniew Ziobro, aliilinganisha na propaganda ya Wanazi kabla hajaitazama. Serikali ikataka kumbi zionyeshe kwanza video yake fupi ya "kueleza ukweli". Filamu ikawa habari, kwa kuwa habari zilikuwa zimegeuzwa filamu.

Je, ni filamu nzuri? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Leïla, mwalimu kutoka Afghanistan, ameandikwa kwa uangalifu, na Jan, mlinzi wa mpaka, hajafanywa zimwi. Unamwona akijifunza kutosikia. Lakini Holland ana doa moja ambalo wahakiki wengi wamelipita. Ng'ambo ya waya hakuna watu. Kila Mbelarus ni gwanda, fimbo na kelele. Mwanakijiji wa upande ule, yule ambaye labda alificha mtu ghalani, hayupo. Filamu iliyokusudiwa kupinga propaganda imerithi tabia kongwe ya Kipolandi ya kutazama mashariki na kuona msitu na hofu tu.

Tabia hiyo ina jina: kresy, nchi za mpakani zilizopotea. Wapolandi wengi bado huitamka Lwów na Wilno kama mtu anayetaja shamba la babu lililonyang'anywa. Uchungu wenyewe si wa kubuni. Mwaka 1940 Wasovieti waliwahamisha watu wa huko kwa nguvu hadi Siberia, na baadhi yao wakaishia kwetu, kwenye kambi ya Tengeru karibu na Arusha. Makaburi yao yapo hadi leo chini ya Mlima Meru. Watu wa mashariki ileile, wakimbizi, wakapokewa na wageni. Sijaona TVP ikiwakumbuka katika habari za msituni.

Aliyewahi kuukabili uchungu huo kwa ujasiri ni mhariri, Jerzy Giedroyc. Gazeti lake la Kultura, lililochapishwa uhamishoni karibu na Paris hadi mwaka 2000, lilitoa mwaka 1952 barua ya padri mmoja aliyewaambia Wapolandi waache Wilno iwe ya Walithuania na Lwów iwe ya Waukraine. Wasomaji wakafoka. Mwaka 1974 Juliusz Mieroszewski akaandika humohumo kwamba Polandi haitakuwa salama mpaka Ukraine, Lithuania na Belarus ziwe huru, na kwamba Mpolandi hawezi kuishutumu Urusi kwa ubeberu huku akitamani wake mdogo. Desemba 2, 1991 Polandi ilikuwa ya kwanza kuitambua Ukraine huru. Gazeti dogo lisilo na nchi lilikuwa limeyaona maslahi ya taifa kwa kuwaudhi wasomaji wake. Kazi hiyo TVP haikuithubutu hata siku moja.

Desemba 2023 serikali mpya ya Donald Tusk iliichukua TVP na kuibadilisha uongozi. Msitu haukubadilika sana. Juni 2024 eneo la marufuku likarudi kwenye sehemu ya mpaka, na Machi 2025 haki ya kuomba hifadhi ikasitishwa hapo mpakani. Anayetaka kuingia eneo hilo na kamera sharti aombe ruhusa kwa walinzi walewale anaotaka kuwatazama. Belsat, katika chumba chake, inaendelea kuwatangazia Wabelarus.